Tufuge Maji Kwanza, Samaki Baadaye
Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia vya Kibera na Kawangware

  Nimeombwa nizungumze juu ya tangi la samaki wa mapambo: jinsi ya kulitengeneza, kulijaza na kulitunza, na kama kweli linaweza kuleta faida kwa kikundi kidogo kama vyetu. Mambo nitakayosema ni ya mtu anayeanza, asiye na kitu ila mikono yake na akiba ya kikundi.

Tangi la vioo lenye samaki wa rangi mmeliona katika hoteli, katika kliniki, katika sebule za watu wa Lavington na kando ya Barabara ya Ngong. Wengi hudhani ni kitu cha matajiri peke yao. Lakini nani hulitengeneza? Ni fundi wa jua kali. Nani huliosha? Ni kijana anayelipwa kwa mwezi. Kazi hiyo iko karibu nasi, na vijana wetu wana akili ya kuifanya. Tatizo ni moja tu: wengi huanza kwa haraka, samaki wote wakafa katika wiki mbili za kwanza, na pesa za kikundi zikaenda nao. Halafu watu husema, "Tulirogwa," au "Yule muuzaji alituuzia samaki wagonjwa." Mara nyingi si hivyo, jamani. Samaki wamekufa kwa sababu maji yao hayakuwa tayari.

Kwa hiyo neno langu kuu leo ni hili: kabla ya kufuga samaki, tufuge maji. Mkilikumbuka hilo hata mkasahau mengine yote, mtakuwa mmepata faida.

SWALI LA AKINA MAMA

Kabla sijaendelea, najua kuna mama hapa ambaye anajiuliza moyoni, "Maji ya kunywa nanunua kwa mtungi, nanyi mnataka tuwape samaki?" Ni swali la haki, na lazima lijibiwe kwanza.

Tangi ninalolizungumzia lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35. Likijazwa likabakizwa nafasi kidogo juu, linachukua karibu lita 50. Hiyo ni mitungi miwili na nusu ya lita 20, mara moja tu mnapoanza. Baada ya hapo linahitaji ndoo moja ya lita 10 kila wiki. Yaani mtungi mmoja unatosha wiki mbili.

Na zile lita 10 mnazotoa hazimwagwi mtaroni. Maji ya samaki yana mbolea. Tangu mwaka 2008 watu wengi wa Kibera wamejifunza kupanda sukuma wiki na mchicha katika magunia mbele ya nyumba. Basi maji ya tangi yaende kwenye gunia. Maji yaleyale yamefanya kazi mara mbili.

Lakini nasema pia: tangi liwe moja kwa kikundi kizima, si moja kwa kila nyumba. Na ikiwa bomba limekauka na bei ya mtungi imepanda, mtoto anywe kwanza. Samaki wachache katika tangi lililotunzwa vizuri wanaweza kungoja wiki moja zaidi bila kubadilishiwa maji, mradi mpunguze chakula.

KUTENGENEZA TANGI

Mnaweza kununua tangi tayari, lakini kikundi chenye fundi wa vioo kitafaidika zaidi kwa kulitengeneza. Mwambieni akate kioo cha unene wa milimita 6, vipande vitano:

1. Sakafu: sentimita 60 kwa 30, kipande kimoja.
2. Mbele na nyuma: sentimita 60 kwa 35, vipande viwili.
3. Ubavuni: sentimita 28.8 kwa 35, vipande viwili.

Kwa nini 28.8, si 30? Kwa sababu vioo vya ubavuni hukaa katikati ya kioo cha mbele na cha nyuma, na kila kimoja kina milimita 6. Fundi asiyepiga hesabu hiyo atawaharibia kioo.

Kingo za vioo zisuguliwe kwa jiwe la kunolea ili zisikate mikono, kisha zipanguswe kwa spiriti zisiwe na mafuta wala vumbi. Halafu mnaunganisha kwa silikoni. Hapo muwe macho. Ziko silikoni za bafuni zilizotiwa dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo huua samaki pia. Ombeni silikoni ya kawaida ya vioo, isiyo na dawa ya ukungu, na someni maandishi ya mrija kabla ya kulipa. Kama yapo maandishi ya samaki, afadhali.

Mkishaunganisha, liacheni tangi likauke saa 48 bila kuguswa. Kisha lijazeni maji mkiwa nje na mliache siku nzima. Likivuja, afadhali livuje nje kuliko juu ya kitanda cha mtu.

Sasa, mtaliweka wapi? Maji ya lita 50 ni kilo 50. Ongezeni changarawe karibu kilo 10 na vioo karibu kilo 12. Jumla ni zaidi ya kilo 70, uzito wa mtu mzima. Meza ya kutikisika haifai. Iwe meza imara, iliyonyooka, na chini ya tangi wekeni kipande cha sponji nyembamba au gazeti lililokunjwa ili kioo kisikae juu ya punje ya mchanga na kupasuka. Wale mnaokaa karibu na reli inayopita Kibera mnajua jinsi nyumba inavyotetemeka treni ikipita. Msiliegemeze tangi ukutani. Liacheni na nafasi ya kiganja. Tena lisikae dirishani penye jua kali, maana maji yatageuka kijani. Wala karibu na jiko, maana moshi na mafuta hutanda juu ya maji na kuzuia hewa.

MAJI YETU NI YA NAMNA GANI?

Si maji yote ni sawa. Hapa Nairobi tuna aina tatu, na kila moja ina tabia yake.

Kwanza, maji ya bomba. Mengi hutoka katika mito ya milima ya Nyandarua, kupitia mabwawa kama Ndakaini. Ni maji laini, na hutiwa klorini kuua viini. Klorini ni njema kwetu, lakini huunguza mashavu ya samaki, ambayo ndiyo mapafu yao. Dawa yake ni rahisi: maji yakae katika ndoo iliyo wazi saa 24 kabla ya kutiwa tangini. Klorini itatoka yenyewe. Kwa hiyo mwenye zamu ya kubadilisha maji Jumamosi ateke Ijumaa.

Pili, maji ya kisima kirefu. Visima vingi vya Nairobi vina madini mengi, na ndiyo maana baadhi ya watoto meno yao huwa ya kahawia: ni floraidi. Samaki wadogo kama gapi na moli hupenda maji yenye madini. Lakini katika maji ya namna hii sumu ya mkojo na kinyesi cha samaki huwa kali zaidi, na kwa hiyo msijaze samaki wengi.

Tatu, maji ya mvua. Ni laini mno, hayana madini ya kutosha, na yakipita juu ya mabati hubeba vumbi na zinki. Zinki ni sumu kwa samaki. Mvua ya kwanza msiitumie kamwe. Ya baadaye, mkikosa mengine, changanyeni nusu kwa nusu na maji ya bomba.

Na ndoo ya samaki iwe ya samaki tu. Ndoo iliyobeba rangi, sabuni ya kufulia au dawa ya mimea haifai hata ukiisugua mara kumi.

WIKI TANO ZA KUNGOJA

Hapa ndipo penye siri yote. Sikilizeni vizuri.

Samaki hukojoa na kunya ndani ya maji anayopumua. Uchafu huo hutoa sumu iitwayo amonia. Katika ziwa maji ni mengi, sumu hupotea. Katika lita 50 haina pa kwenda. Ila Mungu ameweka bakteria wadogo wasioonekana ambao kazi yao ni kuila. Kundi la kwanza hula amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hula nitriti na kuigeuza kuwa nitreti, ambayo si kali. Nitreti hiyo huliwa na mimea, na inayobaki mnaitoa kwa ile ndoo ya kila wiki.

Tangi jipya halina bakteria hao. Wao huzaliana polepole na huishi hasa katika sponji ya kichujio na katika changarawe. Huchukua wiki nne hadi sita kutosha, na wakati wa baridi huchukua muda zaidi. Mtu akitia samaki siku ya kwanza, amonia huanza kupanda, na baada ya siku chache samaki hupanda juu wakihema, mashavu mekundu, mapezi yamekunjwa. Kisha wanakufa mmoja mmoja. Ndiyo ile "tulirogwa".

Basi fanyeni hivi:

1. Osheni changarawe kwa maji matupu mpaka maji yatoke meupe. Sabuni isitumike.
2. Tieni changarawe, maji yaliyokaa saa 24, mimea, na kichujio cha sponji kinachoendeshwa na pampu ndogo ya hewa.
3. Kila siku tieni chakula cha samaki kidogo sana, kiasi cha kubana kwa vidole viwili, ingawa samaki hawapo. Kitaoza na kuwalisha bakteria.
4. Mwacheni kichujio afanye kazi usiku na mchana.
5. Ngojeni wiki tano au sita. Mkiweza kupata karatasi za kupimia maji katika duka la samaki, pimeni: amonia na nitriti zote mbili ziwe sifuri kabla ya kuleta samaki.

Najua wiki tano ni ndefu. Wanachama watauliza, "Pesa zetu zimegeuka changarawe?" Mwenyekiti awe na moyo wa kuwajibu. Mkulima hapandi leo akavuna kesho.

Na sasa habari njema kwa vikundi. Kikundi cha kwanza kikishakuwa na tangi lililokomaa, kinaweza kukisaidia cha pili bila kutoa hata shilingi. Chukueni sponji ya zamani, ikamueni ndani ya tangi jipya, au wapeni kipande kabisa. Yale maji ya kahawia yanayotoka, ambayo mtu angeyamwaga, ni mbegu ya bakteria. Tangi jipya litakuwa tayari mapema zaidi. Kibera ikianza, iwape Kawangware. Kawangware nao wawape wengine. Ila mtoe katika tangi ambalo halina ugonjwa.

Kwa sababu hiyo pia, sponji isioshwe kwa maji ya bomba, maana klorini itaua bakteria wote na mtarudi mwanzo. Ikamueni katika ile ndoo ya maji mliyotoa tangini. Mara moja kwa mwezi inatosha.

SAMAKI GANI?

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na mwezi wa saba usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 13. Nyumba ya mabati haizuii baridi hiyo. Kwa hiyo chagueni samaki kwa kufikiria Julai, si Februari.

Gapi, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini, ni mdogo, mwenye mkia wa rangi, na anafaa kwa anayeanza. Hutaka nyuzi 22 hadi 28. Plati wa Amerika ya Kati huvumilia baridi kidogo zaidi. Wote wawili huzaa watoto walio hai, si mayai. Mama hubeba mimba karibu wiki nne, akazaa watoto ishirini au zaidi. Tieni mimea inayoelea, maana watu wazima huwala watoto. Baada ya miezi mitatu au minne watoto hao wamekua wa kuuzika. Hapo ndipo kikundi kinaanza kupata.

Katika lita 50, samaki wadogo wanane wanatosha. Anzeni na watatu: dume mmoja na majike wawili. Baada ya wiki mbili, kama wote wako hai na wanakula, ongezeni watatu, kisha wawili. Madume wabadilishaneni baina ya vikundi, ili ndugu wasizaliane vizazi na vizazi wakapoteza nguvu na rangi.

Samaki wa dhahabu, aliyeanza kufugwa Uchina zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, huvumilia baridi vizuri. Lakini nawaonya juu yake. Dukani ni mdogo kama kidole, na watu humtia katika bakuli la kioo. Akitunzwa hukua kufikia sentimita 20 na kupita, na hutoa uchafu mwingi kuliko gapi kumi. Bakuli si nyumba yake, ni jeneza lake. Kikundi kikimuuzia mteja samaki huyo pamoja na bakuli, kitapata pesa mara moja, na baada ya mwezi kitapoteza jina. Kama mna nafasi ya pipa kubwa au hodhi ya saruji, hapo sawa.

Siku ya kuwaleta, mfuko wa samaki uwekeni ndani ya kiondo au katoni yenye magazeti, usipigwe jua wala upepo wa matatu. Mkifika, mfuko uelee tangini dakika 20. Kisha kila dakika tano tieni kikombe kidogo cha maji ya tangi ndani ya mfuko, mara tatu au nne. Halafu waopoeni kwa neti. Maji ya dukani msiyamimine tangini, maana yaweza kubeba ugonjwa.

STIMA, NA USALAMA WETU

Hili nalisema kwa uzito. Maji na stima havichezewi. Waya ya kuunganisha kiholela, isiyo na mita wala fyuzi, haifai kabisa karibu na tangi. Tunaweza kupata samaki wengine. Mtoto wa mtu hatuwezi. Kama mahali penu hapana stima halali, fugeni bila stima: samaki wachache zaidi, wanne tu, mimea mingi, na tangi mliweke ndani penye joto.

Palipo na stima halali, fuateni kanuni tatu. Waya ishuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye soketi. Zimeni na kuchomoa kila kitu kabla ya kutia mkono majini. Na pampu ya hewa ikae juu kuliko maji, maana stima ikipotea maji yaweza kurudi kwa mpira yakaiingia.

Gharama yake? Pampu ya wati 3 ikifanya kazi mwezi mzima hula uniti mbili hivi. Kipasha joto cha wati 50 kikiwaka saa 10 kwa siku hula nusu uniti kwa siku, uniti 15 kwa mwezi. Mweka hazina apige hesabu hiyo kwa bei ya tokeni ya wakati huo, kabla ya kununua, si baada.

Stima ikipotea kwa muda mrefu, msiwalishe. Funikeni tangi kwa blanketi kama ni baridi, mkiacha juu wazi. Kila baada ya saa moja au mbili, teka maji kwa kikombe na uyamimine kutoka juu, ili yaingize hewa.

MAMBO YANAYOUA SAMAKI KATIKA NYUMBA ZETU

Kulisha kupita kiasi ndiko kunakoongoza. Tieni kile kinachomalizika kwa dakika mbili, mara moja au mbili kwa siku. Watoto wasitie makombo ya ugali na mkate, hayo huoza. Omena aliyesagwa laini anafaa kuongezea chakula cha dukani, kidogo tu.

Dawa ya kupulizia mbu na mende huua samaki haraka, hasa kwa vile pampu huivuta na kuiingiza majini. Kama mtapuliza, funikeni tangi na mzime pampu mpaka hewa isafike.

Mikono yenye sabuni, mafuta au losheni isiingie tangini.

Samaki akipata vidoa vyeupe kama punje za chumvi, huo ni ugonjwa unaoambukiza, na mara nyingi huja baada ya baridi au baada ya kuleta samaki mpya. Ndiyo maana mgeni akae kwanza wiki mbili katika beseni yake.

USITOE WALA KUTIA KATIKA BWAWA

Kuna jambo linalotuhusu sisi wa Kibera moja kwa moja. Bwawa la Nairobi, pale chini yetu, lilijengwa mwaka 1953. Zamani watu waliendesha mashua za tanga pale kwa starehe. Baadaye maji machafu na takataka yakaingia, na gugu-maji likalifunika. Na gugu-maji hilo lilitoka wapi? Ni mmea wa Amerika ya Kusini, wenye ua zuri la zambarau. Watu waliusafirisha duniani kwa ajili ya uzuri wake, wakautia katika vidimbwi vya bustani, kama sisi tunavyotaka kupamba tangi. Ukaponyoka. Katika miaka ya 1990 uliziba ghuba za Ziwa Victoria, na wavuvi wa Kisumu na Homa Bay walishindwa kutoa mashua zao.

Samaki nao ni hivyo hivyo. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Ameleta biashara kubwa, lakini mamia ya aina za samaki wadogo, furu, waliokuwa katika ziwa hilo peke yake duniani, wamepungua au kutoweka. Kwa hiyo kanuni yetu iwe moja: samaki wakizidi, wapeni kikundi kingine au wauzeni. Msiwamwage mtoni, bwawani wala mtaroni. Mimea ya kutupa ikauke juani kwanza.

Wala msitoe kitu huko. Mimea ya bwawa au ya ziwa yaweza kuja na konokono, na baadhi ya konokono hao hubeba kichocho. Nunueni mimea kwa mtu anayeikuza tangini.

PESA ZA KIKUNDI

Namalizia na mfuko. Msitoe akiba yote. Gaweni pesa mlizotenga mafungu matatu: la tangi na meza, la pampu, sponji na kipasha joto, na la akiba, lisiloguswa mpaka mwezi wa tatu. Samaki wanunuliwe mwisho, wachache.

Msikope kwa ajili ya kazi hii. Deni lina tarehe, bakteria hawana.

Faida inakuja kwa njia tatu: kutengeneza matangi, kuuza watoto wa samaki, na kutunza matangi ya wateja kila mwezi. Hii ya tatu ndiyo ya uhakika, maana mwenye kliniki au hoteli hana wakati wa kukamua sponji. Lakini mwambieni ukweli kabla ya kuuza: angoje wiki tano. Atakayekataa kungoja, mwacheni aende. Samaki wake wakifa, jina litakalotajwa mtaani ni lenu.

Kabla ya kuanza kuuza, mwendeeni afisa wa uvuvi wa kaunti mwulize juu ya leseni. Mambo ya samaki husimamiwa na sheria ya uvuvi ya mwaka 2016. Ni afadhali kuuliza mapema kuliko kufungiwa kazi.

Wekeni daftari. Andikeni tarehe ya kubadilisha maji, aliyekuwa zamu, samaki waliokufa, waliozaliwa, waliouzwa. Kikundi kisicho na daftari hugombana. Chenye daftari huulizana.

Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mkiamua, amueni wote, na mkae nayo. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Je, tunaweza kupata mtungi mmoja kila wiki mbili bila kumnyima mtu maji?
2. Ni nani kati yetu ana ufundi wa vioo, na ni nani ana nyumba yenye stima halali?
3. Wanachama wako tayari kungoja wiki tano bila kuona samaki? Tutawajibu nini watakaonung'unika?
4. Maji tutakayotoa tangini yatamwagiliwa gunia la nani?
5. Tukifaulu, ni kikundi gani tutakipa kipande cha sponji?